Mzee Aliyekataa Maji

Mzee alikuwa dereva wa lori kwa miaka thelathini. Ni mji gani ambao hakufika? Lakini kiharusi kilipompata, safari yake ndefu ikawa ya kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha dirishani. Binti yake, fundi cherehani, ndiye aliyemhudumia. Alimpenda baba yake kupita kiasi. Lakini mkono mmoja haulei mwana, na cherehani haijishonei yenyewe.

Basi akawapigia simu wakala wa wahudumu wa nyumbani.

"Mgonjwa ana hali gani?" wakauliza.

"Hana neno. Ni mzee mtulivu tu."

Hakusema kwamba baba hawahi kufika chooni. Angeanzaje kumwambia mtu asiyemjua? Aliona ni kumvunjia baba heshima.

Wakamleta dada mmoja mpole, mwepesi wa kucheka. Alipika, akafagia, akamsomea mzee gazeti. Fundi akashusha pumzi na kurudi kwenye cherehani yake.

Siku ya nne mzee akakataa maji. "Sina kiu," akasema. Chai nayo akaisukuma pembeni. Midomo ikamkauka, macho yakaingia ndani. Hata nguvu za kumtania mtu hakuwa nazo.

Jirani yao muuguzi akaja kumjulia hali. Akakaa na mzee peke yao kwa muda, kisha akamwita fundi jikoni.

"Baba yako ana kiu, mwanangu. Hanywi makusudi. Anaogopa kujikojolea, halafu avuliwe nguo na binti wa watu, rika la wajukuu zake."

Machozi yakamlengalenga fundi. "Mama, mimi nilitaka kumsitiri."

"Najua. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Hao wakala wataijuaje nyumba yako? Waambie yote: choo, kuoga, dawa. Waulize huyo wanayemleta amefunzwa nini, nani anamkagua, na akiugua nani atashika nafasi yake. Mkikubaliana, yaandikwe. Ila muulize kwanza mzee mwenyewe. Kiharusi kimechukua mguu, akili hakikuichukua."

Fundi akapiga magoti kando ya kiti.

"Baba, nisamehe. Unataka nani akuogeshe?"

Mzee akamgeukia. "Mwanamume," akasema. "Na abishe hodi kabla hajaingia."

Kisha akakubali kikombe cha maji, akakimaliza taratibu, muuguzi akimwangalia.

Kesho yake fundi alipiga simu tena, safari hii bila kumung'unya maneno. Yule dada akapelekwa kwa bibi mmoja mpweke aliyetamani mtu wa kupiga naye soga. Kwa mzee akaja kaka mmoja mwenye mikono mipana. Akasimama mlangoni.

"Hodi! Shikamoo, mzee. Naomba ruhusa niingie."

"Marahaba. Karibu."

Wakati wa kuoga alimfunika shuka, akafunua pale anapoosha tu. Kila jambo alimwambia kabla ya kulifanya. Mzee akaanza kunywa maji, chai, hata uji.

Baada ya wiki mbili, mkaguzi wa wakala akaja na daftari lake.

"Mhudumu wetu anafaa?" akamuuliza fundi.

"Muulize baba."

Mzee akakohoa kidogo, akajiweka sawa kitini.

"Huyu? Drafti hajui hata chembe. Kila siku namfunga. Lakini akiniogesha, nabaki baba wa mtu. Msiniondolee."