Kofia Kwenye Bomba la Tanuru

"Mwache, Corinne. Narudia, mwache. Rudi kituoni."

Sauti ya mkubwa wake, Halldor Bjarnason, ilikwaruza kwenye redio ya Motorola. Corinne Desjarlais aliisikia vizuri sana. Akatia pamba masikioni, akakanyaga mafuta.

Mbele yake, barabara ya Regent, Ford Transit nyeupe ilikuwa inayumba juu ya barafu. Ubavuni ilikuwa na picha ya kiyoyozi na maneno makubwa ya buluu: tunatengeneza, tunasafisha, tunajaza gesi.

Ilikuwa Januari. Winnipeg. Nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri.

Nani anatengenezewa kiyoyozi Januari?

Viyoyozi vyote vya mji ule vilikuwa vimezikwa na theluji, na hakuna mwenye akili zake aliyevikumbuka. Hata mtoto wa Winnipeg angecheka. Corinne hakucheka. Gari lile alilikuta likitoka kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba ya siri, alikofichwa rubani Abram Wiebe na mkewe Tina. Kesho asubuhi Wiebe alitakiwa kusimama mahakamani awataje wasafirisha silaha aliowarushia ndege miaka mitatu. Wasafirishaji hao walitaka asiione hiyo kesho.

Corinne alikata usukani. Pembe ya gari lake ilikita tairi la nyuma la lile jeupe.

Transit ikazunguka mara mbili, ikabamiza nguzo ya taa. Vioo vikamwagika.

Alipofika mlangoni, Glock ilikuwa mkononi. Dereva alikuwa na damu puani na koti jepesi la mtu aliyefika mjini juzi.

"Jina."

"Quillan. Natoka Phoenix. Mimi fundi tu, dada."

"Fundi wa nini?"

"Viyoyozi."

Corinne alimpiga kitako cha bastola kwenye jino la mbele.

"Fundi wa nini?"

Quillan alitema damu, akacheka. "Umechelewa, mrembo. Nimewazimia tanuru lao la kupashia nyumba joto, nikalibadilishia filta. Hiyo mpya ina unga wake. Saa tano kamili mtu wenu atawasha tanuru kwa simu yake, feni ipulize, na kila tundu la hewa mle ndani litawahudumia."

"Mtu wetu nani?"

"Najua sauti tu. Yeye ndiye aliyeniachia mlango wazi, nikashuka chini bila wao kujua."

Mwaka jana mwenzake Corinne, Noella Guiboche, alikufa hivyo hivyo katika nyumba ya siri ya Brandon. Walisema moshi wa tanuru bovu. Corinne, aliyesomeshwa ufundi wa matanuru na idara yao ya kulinda mashahidi ili apate kazi ya kujifichia, alikataa kuamini. Hakuna aliyemsikiliza. Halldor alilia makaburini mpaka akashikwa mkono.

"Tuelewane," Quillan alisema, akatoa kisanduku cha chuma kifuani. "Dawa ya hiyo sumu. Moja tu. Niachie niende, uchukue."

Corinne alikipokea. Akakifungua kidogo, akachungulia, akakifunga. Akakitia mfukoni.

Kisha akamfunga pingu kwenye usukani, akamvua glavu.

"Na dirisha?" Quillan aliuliza. Kioo hakikuwapo tena. "Dada, nitaganda!"

"Washa kiyoyozi."

Aliwaachia polisi wa barabarani ujumbe kuhusu ajali. Hakuwaambia waharakishe.

* * *

Saa tano asubuhi kasoro dakika sita.

Nyumba ile ilikuwa na mlango wa chuma na vioo visivyopitisha risasi. Funguo mbili tu: mmoja wa mlinzi, kijana Stadnyk, mmoja wa Halldor. Gari la Stadnyk halikuwapo. Mtu alikuwa amemwita kwingine.

Wiebe na mkewe walinyang'anywa simu siku ya kwanza. Kisha wakapewa amri: mtu yeyote akigonga, kimbilieni chumba cha chini, mjifungie. Chumba cha chini ndimo lilimokaa tanuru. Kugonga ni kuwasukuma mdomoni mwa simba.

Redioni je? Aliyewasaliti alikuwa Stadnyk au Halldor, na wote wawili walikuwa wanasikiliza. Corinne aliomba kimoyomoyo awe Stadnyk. Aliomba kweli.

Akazunguka ubavuni, theluji ikimfika magotini.

Pale ukutani yalichomoza mabomba mawili meupe ya plastiki. Moja linatoa moshi wa tanuru, jingine linavuta hewa. Kila mwenye nyumba Winnipeg anayajua kama anavyojua pua yake. Dhoruba ikipita, mtu hutoka na koleo kuyafukua, maana bomba likizibwa tanuru halivuti pumzi, na lisipovuta pumzi haliwaki. Lisipowaka, feni kubwa haizunguki.

Fundi wa Phoenix, mji wa joto la jangwani, hakuyatupia hata jicho.

Corinne alivua kofia yake ya sufu, nyekundu, yenye kishada. Sigga, mke wa Halldor, ndiye aliyemfumia. Akaikunja, akaishindilia ndani ya bomba la kuvutia hewa mpaka kiganja kikaingia.

Saa tano.

Ndani, kifeni kidogo cha kulivutia tanuru hewa kiliunguruma. Akabana pumzi. Kifeni kikakohoa, kikazima.

Kikajaribu tena. Kikazima.

Mara ya tatu. Kikazima, na tanuru likajifunga lenyewe kama linavyofundishwa kiwandani.

Kimya.

Sasa alikuwa na chambo. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa anaitazama simu yake na kuona joto la nyumba halipandi. Angekuja. Angekuwa mgeni, angeshuka moja kwa moja kwenye tanuru. Lakini mtu wa Winnipeg tanuru likizima haendi kwenye tanuru. Anaenda kwanza kwenye bomba. Hafikiri, miguu humpeleka.

Corinne alijibanza nyuma ya kiyoyozi kilichofunikwa na theluji. Masikio yaliuma, kisha yakaacha kuuma, jambo ambalo ni baya zaidi.

Mlango wa gari ulibamizwa. Hatua nzito zikaja, za mtu mzima, viatu vya theluji vya Sorel vikikanyaga theluji kavu. Mtu alipiga magoti mbele ya bomba, akaingiza mkono.

Mkono ukagusa sufu. Ukasimama.

Alikuwa Halldor.

"Ukiivuta, nakutoboa kisogo," Corinne alisema.

Mzee hakugeuka. Vidole vyake vilikuwa vimeshika kishada, na alikijua. Alikuwepo kilipofumwa.

"Corinne, mwanangu. Nilikwambia umwache."

"Uliniambia."

"Sikutaka yakukute na wewe."

"Na Noella?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Corinne aliujua msemo huo tangu zamani, lakini siku ile ndipo alipouelewa. Alimpenda mzee huyu. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Simama. Barakoa yako."

Halldor alitoa mfukoni barakoa nzito ya mpira. Alijiandaa vizuri. Corinne aliitupa kwenye theluji ya kina.

"Utafungua mlango. Utawatoa Abram na Tina. Utazima swichi ya tanuru. Kisha utaichomoa filta uliyoinunua, uitie kwenye mifuko hii, uniletee."

"Bila barakoa? Unga ule—"

Corinne akatoa kisanduku cha chuma. Halldor alikitambua. Macho yake yakakiandama.

"Dawa ya Quillan," alisema Corinne. "Iko moja. Fanya kazi safi, ni yako."

Mzee akafungua mlango.

Abram na Tina walitoka na mablanketi, midomo ya samawati kwa baridi. Tina alimshika Corinne mkono.

"Kuna nini, dada?"

"Filta chafu, mama. Ingieni garini, kuna joto na kahawa."

Halldor alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa amekumbatia mfuko mweusi, nywele zake zina vumbi jeupe. Aliuweka chini taratibu. Akaanza kukohoa.

"Kisanduku."

"Silaha zinaondokea wapi?"

"Corinne, kifua—"

"Wapi?"

"Juu ya barafu ya ziwa, kaskazini ya mji wa Gimli. Ndege inatua leo jioni. Watu wanne. Nipe."

Corinne alibonyeza redio. "Kituo, huyu Desjarlais. Barafu ya ziwa, kaskazini ya Gimli, jioni. Watu wanne na ndege. Wachukueni."

"Tumepata, Desjarlais. Bosi yuko wapi?"

"Nipo naye."

Akarusha kisanduku. Halldor alikidaka kwa mikono miwili, akakifungua kwa meno.

Kilikuwa na vipande vya kioo na doa lililoganda.

"Kichupa kilivunjika Regent, nilipoligonga gari," alisema Corinne.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Mzee aliketi chini kwenye theluji. "Niitie daktari. Kwa ajili ya Sigga."

"Nitamwita. Noella aliomba redioni dirisha lifunguliwe. Lilifunguliwa?"

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Corinne hakumwambia.

Aliita gari la wagonjwa, akataja mtaa, akaonya kuhusu sumu. Njia nyingi za Transcona, kitongoji kile, zilikuwa hazijakwanguliwa theluji. Hilo halikuwa kosa lake.

Kisha akachomoa kofia kutoka kwenye bomba. Ilikuwa imeganda kama kigae. Aliipiga mara moja ukutani, akaivaa hivyo hivyo, akaivuta mpaka masikioni.

Garini, Abram alikuwa amekumbatia kikombe cha kahawa. Tina alifuta ukungu kwenye kioo, akatazama nje.

"Na yule mzee?"

"Anasubiri gari lake." Corinne aliingiza gia. "Mama, nyumba mtakayohamia ina tanuru kama hili. Filta ibadilisheni wenyewe, kila baada ya miezi mitatu. Msimwachie mtu."