Daraja la Mawe Ndani ya Tangi

Kila akirudi kutoka shuleni, Inspekta alivua viatu, akanywa maji, kisha akaenda moja kwa moja kwenye chumba wanachosubiria wagonjwa wa mama yake, daktari wa meno mwenye kliniki hapo hapo nyumbani. Humo mlikuwa na tangi kubwa la kioo lenye maji ya chumvi, samaki wa rangi rangi na mawe ya matumbawe. Kufuta kioo na kupanga mawe ilikuwa kazi yake, na aliijivunia mno. Jina la Inspekta alipewa nyumbani kwa sababu hata kijiko kikipotea, lazima ahoji mtu.

Ijumaa hiyo alipigwa na butwaa. Daraja la mawe alilojenga lilikuwa limebomoka tena, na samaki wa njano alijibanza kwenye kona, pezi limechanika.

"Mama! Njoo uone! Ni Kimya huyu!"

Kimya alikuwa binamu yake, aliyehamia kwao baada ya mama yake Kimya kupata kazi mbali. Walilala chumba kimoja. Hakuwa na maneno mengi, na kwa Inspekta, mtu asiyesema anaficha jambo. Halafu jana yake mkono wa sare ya Kimya ulikuwa umelowa hadi kwenye kiwiko, unanuka chumvi. Ushahidi gani tena?

Mama alitazama mawe, akaguna. "Ulitandika mawe kwanza, yakakaa juu ya kioo cha chini, ndipo ukamwaga mchanga? Kama nilivyokuelekeza?"

"Ndiyo, Mama," Inspekta alijibu haraka.

"Basi kuna mkono wa mtu. Kimya, usiingie humu mpaka nijue ukweli. Jiwe likipasua kioo, samaki wote wamekwisha."

Machozi yalimlengalenga Kimya. Kukaa mbele ya tangi lile ndiyo raha pekee aliyokuwa nayo katika nyumba ile. Hata hivyo hakujitetea. Kashikwa huyo, Inspekta alijisemea.

Jumamosi jioni, kliniki ilipofungwa, alijenga daraja upya, akafunga mlango na kubandika uzi mwembamba kwenye fremu. Asubuhi uzi ulikuwa mzima, lakini mawe yalikuwa chini. "Kapitia dirishani," aliwaza, ingawa dirisha lile lilikuwa na nondo ambazo hata paka wa jirani hakuweza kuzipenya.

Alijenga tena, akajificha nyuma ya kochi. Hakuja mtu. Lakini chini ya jiwe kubwa mchanga ulianza kutifuka. Kambamiti mdogo mwenye mistari, kiumbe wa tangini mwenye miguu mingi, akatoka akisukuma mchanga, akarudi ndani, akatoka na mwingine, kama mtu anayefagia nyumba yake. Jiwe likainama. Likateleza. Puu!

Inspekta alikumbuka siku alipojenga daraja. Alikuwa ameanza na mchanga, kwa uvivu tu, kisha akaweka mawe juu yake. Alimfuata Kimya chumbani.

"Ulijua?"

"Nilimwona akichimba," Kimya alisema polepole. "Samaki alibanwa na jiwe, nikaingiza mkono nikamtoa. Na siku ile ulipojenga nilikuona, dada, ukianza na mchanga."

"Mbona hukusema?"

"Uliniambia nikifungua mdomo kuhusu tangi lako, nitalala sebuleni."

Inspekta aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alimshika Kimya mkono, wakaenda kwa Mama. "Mama, nilikudanganya. Kimya hana kosa. Kimya, nisamehe."

Mama alimvuta Kimya karibu naye. "Nami nisamehe, mwanangu," alimwambia Kimya. "Nimekuadhibu bila hata kukuuliza."

Jioni hiyo walitoa mawe yote, wakasogeza mchanga pembeni, wakayapanga mawe juu ya kioo cha chini. Mama alitikisa kila moja. Inspekta alimpa Kimya jiwe la juu kabisa aliweke yeye, kisha wakarudisha mchanga. Kambamiti alichimba na kuchimba mpaka akagota kioo. Daraja halikutikisika, na Kimya akacheka kwa sauti.

"Ala! Kumbe anacheka!" alisema Mama. Kisha akamgeukia Inspekta. "Umemchunguza kila mtu humu ndani isipokuwa wewe. 'Ndiyo' yako moja ya uongo imemliza mwenzio na nusura iue samaki. Siku nyingine ukimtafuta mkosaji, anzia kwenye mikono yako."

Inspekta aliitazama mikono yake. Bado ilikuwa na mchanga.