Mmea wa Eru Kando ya Kijito

Kila Jumamosi Besem na Bibi Ebangha, mama wa mama yake, huingia msituni nyuma ya shamba la kakao kuchuma eru, mboga inayotambaa juu ya miti. Bibi huchuma majani ya matawi ya pembeni tu, polepole. Jumamosi moja magoti yalimuuma, basi Besem akaenda na binamu yake, Ara.

Ara hana subira hata chembe. Alimcheka Besem kwamba anadonoa kama kuku, na jua litazama kikapu kikiwa kitupu. Kisha akaushika mmea uliokuwa kando ya kijito, kwenye shina, na kujining'iniza.

"Vuta nawe. Majani mengi yako juu kule."

Besem alijua vizuri kwamba shina haliguswi. Lakini nani anapenda kuitwa kuku? Akavuta. Mmea wote ukaporomoka na mizizi yake, wakarudi nyumbani na mizigo miwili mikubwa, wakiimba.

Bibi alifungua mzigo wa kwanza, akakuta shina nene lenye udongo mbichi. Akaketi chini palepale uani. Besem hakuwahi kumwona hivyo, akaogopa sana.

"Ni ule wa kando ya kijito?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ule nimeuchuma tangu mama yako hajazaliwa. Mwingine uko mwendo wa nusu siku. Kwa magoti haya nitafikaje?"

Besem aliangua kilio. Hata Ara, msemaji mkubwa, aliinamisha kichwa.

Bibi alipotulia aliwaagiza wakate shina vipande vyenye majani, wavipande kivulini kwenye unga wa mbao uliooza, na kuvinyunyizia maji asubuhi na jioni. Vipande vilikuwa ishirini. Kumi na sita vilikauka. Vinne vilichipua, nao wakavihamishia kando ya kijito. Bibi alisema vitachumwa baada ya miaka mitatu. Hadi hapo wao wawili ndio watakaomfuatia eru kule mbali.

"Miaka mitatu ina Jumamosi ngapi?" aliwauliza.

Ara alipiga hesabu kwa vidole hadi akachoka. "Zaidi ya mia moja na hamsini, Bibi."

"Zote hizo mmezila asubuhi moja. Msitu ungewalisha mpaka mzeeke, wajukuu zangu, mradi mchukue majani na kuuachia shina."

Besem alitazama miguu yake. Kisha akachukua kikapu, akamwita Ara waanze safari.