Neno la Siri la Kaaha

Kaaha, rafiki yangu wa mtaa wa Waberi, Garissa, alitumwa Elwak akiwa na disketi, ili maneno ya siri ya kompyuta ya ghala la kule yalingane na ya ofisi ya Garissa. Bila hivyo, mashine zisingeidhinisha mgao, na chakula cha msaada kingekwama. Neno kuu alilichagua mwenyewe: Aulo, ngamia ambaye Kaaha alikuwa akimlisha chumvi kwa kiganja utotoni, kabla ukame haujamwua mnyama huyo. Hakumwambia mtu.

Mchana aliofika Elwak, vumbi lilifunika jua, chumba cha kompyuta kikawa giza. Aliposukuma disketi ndani, ikakwaruza, na papo hapo kengele ya mbao ya ngamia, kama ile ya shingoni mwa Aulo, ikalia.

"Adeer, mna ngamia uani?" akamwuliza mlinzi mlangoni, akimwita ami kwa heshima.

"Wallahi, hata mbuzi hatuna."

Stima ikapotea. Kompyuta ikanyamaza, kengele ikaendelea kulia, polepole, chini ya meza. Kisha ulimi mkavu ukamlamba kiganja.