Joho la Tatu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya manyunyu alipochukua bakuli la bati, akaponda papai, akachanganya na panzi, akaenda kuwapa vifaranga mlo wao wa mwisho. Kambini walimwita Mama Vifaranga. Hakuwa na mtoto hata mmoja, na mpishi hakuchoka kumtania kwamba wanawe wote wametoka na midomo iliyochongoka. Siku nyingine angecheka. Siku hiyo hakuwa na cheko, kwa sababu kesho yake alfajiri ndege wale walikuwa waachiwe msituni.

Walikuwa watano, na ndege hao huitwa waigaji. Msitu ule haukuwa umesikia sauti ya mwigaji kwa miaka thelathini. Na mwigaji ana jambo lake: anachokisikia utotoni ndicho anachokiimba mpaka siku ya kufa. Ndiyo maana tundu lao kubwa, lililojengwa kati ya miti, lilikuwa na sheria isiyo na msamaha. Anayeingia anavaa joho la kijivu linalomfunika mpaka uso, mkononi anavaa glavu yenye kichwa cha ndege, na kinywa hakifunguliwi. Hakuna kukohoa, hakuna kunong'ona. Kifaranga mmoja akishika neno la binadamu, kundi zima linarudishwa mjini kwenye vizimba, maisha.

Sheria hiyo iliwekwa na shangazi yake, mwanzilishi wa kazi yote, aliyemlea tangu ana miaka sita. Mwanamke mkali, lakini ukimwamkia aliitikia vilevile miaka yote: "Marahaba. Umekula?" Alikufa kwa homa miezi miwili nyuma, hapo hapo kambini, akiwa ameusia azikwe na joho lake. Mama Vifaranga ndiye aliyelishona mkono uliochanika, kwa uzi mwekundu, kwa kuwa mweupe ulikuwa umekwisha. Yakabaki majoho mawili, lake na la daktari wa ndege.

Kilichomkosesha raha jioni hiyo ni kifaranga wa tano, waliyempachika jina la Mdeko. Siku tatu alikuwa hajagusa chakula.

"Asipokula leo, kesho hatoki hata mmoja," daktari alikuwa amemwambia mchana. "Watano au basi. Mimi naenda barabarani kupokea pete za kuwavalisha miguuni. Nisubiri, tutawalisha pamoja."

Alisubiri, akachoka. Giza lilikuwa linaanza kutambaa. Akaingia stoo, akapapasa ukutani, akavaa joho lake, akaenda.

Mlango wa tundu aliukuta umefungwa kama kawaida. Akaufungua polepole, akauegesha nyuma yake.

Ndani kulikuwa na mtu ameshachuchumaa.

Joho la kijivu, uso umefunikwa. Kumbe daktari amewahi, alijisemea moyoni, na akakasirika kidogo, maana ni yeye aliyetaka asubiriwe. Lakini humo hapaulizwi swali. Akachuchumaa pembeni yake. Yule mtu akanyoosha mkono, naye akampa bakuli na kijiko.

Ko. Ko.

Kijiko kiligonga ukingo wa bakuli mara mbili. Mama Vifaranga aliinua uso. Shangazi ndiye aliyekuwa akigonga hivyo kabla ya kulisha. Daktari hajawahi hata siku moja.

Ikaja harufu… ile dawa ya kuchua ya shangazi, yenye karafuu. Na chini yake, harufu ya udongo uliofukuliwa.

Mdeko akatoka kwenye kona yake. Akaja mbio, mabawa nusu wazi, akapanua mdomo. Akala. Akala tena. Mama Vifaranga alisahau harufu, akasahau kijiko; machozi yalimtoka ndani ya joho kwa furaha, kwa sababu kesho ndege watatoka wote watano.

Yule mtu akamrudishia bakuli. Mkono wa joho ukajikunja kidogo.

Uzi mwekundu.

Ulimi wake haukungoja ruhusa. Miaka ishirini na tano ulikuwa umezoea neno lile.

"Shikamoo, shangazi," alinong'ona.

Vifaranga watano wakainua vichwa kwa pamoja.

Yule mtu alisimama tuli. Hakuitikia. Kisha akageuka, akatembea taratibu kuelekea nyuma ya tundu… ambako hakuna mlango. Akaingia kwenye kivuli cha majani. Hakutoka upande wa pili.

Mama Vifaranga hakujua amefikaje stoo. Aliwasha taa. Joho la daktari lilikuwa kwenye msumari wake, kavu kabisa, na manyunyu yalikuwa yanaanguka tangu alasiri. Huko nje pikipiki ikazimwa.

"Umeshawalisha?" daktari aliuliza, akijipangusa maji. "Si nilikwambia unisubiri?"

"Mdeko amekula."

Daktari hakuamini mpaka alipovaa, akaenda na tochi kuhakikisha mwenyewe. Alirudi anatabasamu. Halafu akamtazama vizuri, na tabasamu likapungua.

"Mbona unatetemeka? Kuna aliyesema kitu humo ndani?"

Hapo ndipo angesema. Neno moja tu, na waigaji wangerudi mjini, na kazi yote ya shangazi ingekwenda na maji.

"Hapana," alisema. "Baridi tu."

Alfajiri walifungua paa la tundu. Mdeko alitangulia, wanne wakafuata, na daktari mtu mzima alilia bila kuona haya. Mama Vifaranga alilia pia. Alikuwa akiogopa.

Wiki tatu zilipita. Kila mchana kazi yake ilikuwa kukaa ofisini, kuvaa hedifoni na kusikiliza vinasa sauti walivyofunga mitini, ili wajue ndege wamefika wapi. Siku zote ilikuwa ni milio yao halisi, mpaka akaanza tena kupata usingizi usiku. Siku ya ishirini na mbili, daktari akiwa bondeni, alifungua rekodi ya kinasa cha mbali zaidi. Upepo. Majani. Kisha sauti yake mwenyewe, ya kunong'ona.

"Shikamoo, shangazi."

Tena, kutoka mti mwingine. Tena. Ndege watano, salamu tano. Na kila moja, baada ya kimya kifupi, ilijibiwa kutoka chini, karibu na ardhi, na mtu mzima asiye na haraka.

"Marahaba."

Daktari akiisikia, mitego ya kuwarudisha ndege itategwa kesho. Alipeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Alikuwa amehesabu majibu, bila kukusudia, kwa mazoea ya kazi. Yalikuwa matano. Salamu yake mwenyewe, ya jioni ile, ilikuwa bado haijaitikiwa.

Akafuta. Akavua hedifoni.

"Marahaba," ikasema sauti nyuma ya kiti chake. "Umekula?"

Bakuli la bati lilikuwa kwenye rafu, huko huko nyuma.

Ko. Ko.

Hakugeuka. Na alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi.