Miguu Mitatu Juu ya Masereka

Mlima uliporomoka saa tatu asubuhi. Kwanza vijiwe vilivuka njia vikiruka kama panzi, kisha ukingo wote wa juu ukateremka na mikaratusi yake. Apollinaire, dereva wa moto, ile pikipiki iliyowabeba wote watatu, alikata usukani kuelekea bondeni. Kilichofuata Zorobabel alikikumbuka vipande vipande: mbingu chini, udongo mdomoni, na sauti ya mpwa wake Tamar ikiita.

"Tonton! Uko wapi?"

"Niko hapa. We uko muzima?"

"Mukono inauma. Lakini Apollinaire..."

Apollinaire alilala chali kwenye majani. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda chini ya goti, mahali ambapo mguu hauna kiungo, na damu ilijaa kwenye kiatu. Moto ilikuwa imekwisha kumezwa na udongo, na mlimani pale simu hazikupata mtandao.

Zorobabel alikuwa na miaka sitini na mitatu. Arobaini kati ya hiyo aliipitisha akichonga chukudu, zile baiskeli za mbao zinazoteremsha viazi hadi Butembo. Hakusafiri bila panga, wala bila furushi la kanda za mpira wa ndani wa tairi, ambazo ndizo kamba zake. Tamar alichana kitenge chake, wakafunga kidonda. Kisha Zorobabel akakata mianzi, akaunyoosha ule mguu katikati yake, akakaza mpira. Apollinaire alipiga yowe moja, akauma mkanda wake.

Nyuma njia ilikuwa imefukiwa. Mbele zilikuwapo njia mbili. Moja ilishuka hadi kilalo, daraja la magogo, na kutoka pale Musienene haikuwa mbali. Huko kuna mganga wa hospitali. Nyingine ilizunguka mgongo wa mlima, mwendo wa siku nzima. Lakini mvua ilikuwa imenyesha siku tatu.

"Kama mayi ya mto imebeba kilalo, siwezi kumupandisha tena huku," Zorobabel alisema. "Na tukizunguka, damu yake haitatungoja."

Tamar alifungua begi lililokuwa kifuani mwake. Alikuwa amepanda Masereka kupiga picha za ndege kwa ajili ya kalenda ya parokia, kwa lenzi aliyoazimwa na mpiga picha mwenzake wa Beni: lenzi nene, ndefu kama mkono wa mtu mzima, kilo tatu na zaidi.

"Na hii naweza kuona kilalo toka hapa, Tonton. Ukungu ikifunguka tu."

Aliifunga kwenye kamera, akaiinua. Kifundo chake cha mkono kilichoteguka kilitetemeka, na bonde lote likacheza ndani ya kioo. Alijaribu kuiegemeza begani kwa Zorobabel. Pumzi ya mzee nayo iliitikisa. Akatoa trepie yake, ile stendi ya miguu mitatu, ndogo ya safari, iliyotengenezwa kwa kamera nyepesi. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika. Miwili iliyobaki ilikuwa myembamba kama ya kuku.

Zorobabel aliigeuzageuza mikononi.

"Huyu nguzo ya katikati ni ya nini?"

"Kupandisha kamera juu."

"Juu? Chukudu unapakia muzigo juu ya mti mumoja?" Akaing'oa nguzo pamoja na kichwa chake kilichokuwa kikiteleza. "Muzigo inalala chini, karibu na gurudumu."

Aliufunga kila mguu kwa mwanzi, mpira ukizunguka mara kumi. Akakata tawi lenye panda, akalichonga mkia mpaka likaingia kwa nguvu katika tundu lililoachwa na nguzo. Kwenye ile panda akatandika kipande cha soli ya kiatu chake, ili lenzi ilale bila kuteleza.

"Tonton," Apollinaire alisema kwa sauti ya kukauka, "unatibu hii mashine kuliko miye?"

"We ulikuwa mugonjwa wa kwanza. Huyu ni wa pili. Kaa kimya, kunywa mayi."

Mwisho alijaza begi la Tamar mawe, akalitundika katikati, kama wachukuzi wanavyofunga mzigo wa ziada. Hapo ndipo alipokosea. Tamar alipolaza lenzi, upepo ulipiga, begi likayumba kama kengele, na trepie ikainama na lenzi yake. Tamar aliidaka kwa mkono mbovu, akalia kwa maumivu.

Zorobabel alichuchumaa kando ya begi. Chukudu inatembea, hii inatakiwa kusimama. Akalegeza mpira mpaka begi likagusa ardhi, likakaa. Upepo ukapiga tena. Hakuna kilichotikisika.

Ukungu ulifunguka.

"Naona kilalo," Tamar alisema. Kisha akakaza jicho. "Imebakia gogo moja. Mayi inapita juu."

Apollinaire alifumba macho.

"Usiache kuangalia," Zorobabel alisema. "Fuata mto kwenda juu. Polepole."

Lenzi iligeuka taratibu ndani ya panda yake.

"Batu! Nyuma ya kona, bamama na bitunga mugongoni! Banapita juu ya magogo mapya mbili. Tonton, leo ni siku ya soko!"

"Banapita na muzigo, ao mikono mitupu?"

"Na muzigo. Na baba mumoja amebeba chukudu mabegani."

"Ya mbao nzito?"

"Nzito. Magogo hata hayainami."

Mzee alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alimkalisha Apollinaire mgongoni, akapitisha ukanda kwenye paji la uso wake mwenyewe, kama mama zake walivyobeba viazi maisha yao yote. Tamar alitangulia, akichagua pa kukanyaga. Trepie ilikunjwa ikawa fimbo ya Zorobabel, na kila hatua ilimchukua yeye na mzigo wake. Mara mbili alipiga goti. Mara mbili ile fimbo ilimsimamisha.

Saa nane walikanyaga magogo mapya. Saa tisa Apollinaire alikuwa amelala juu ya chukudu, vijana wanne wakiisukuma mbio kuelekea Musienene, wakipiga kelele watu wapishe.

Miezi mitano baadaye Apollinaire aliingia studio ya Tamar, Butembo, bila mkongojo. Alitaka picha ya kusimama, ionyeshe miguu yote miwili. Trepie mpya, nzito, ilikuwa kwenye boksi lake pembeni, haijafunguliwa. Tamar alilaza ile lenzi ya Beni, aliyoiazima tena, kwenye panda ya mti ya trepie ya zamani.

"Simama vizuri, mugonjwa wa kwanza," Zorobabel alisema, amesimama kando ya trepie yake.

Akainama kwanza, akaangalia kama begi la mawe limegusa sakafu. Lilikuwa limegusa.

"Sasa piga."