Maneno Yangu Yaliliwa Nyumba Nyingine

"Aurélien, huyo mwanamke aliyesimama mlangoni anatukodolea macho ni nani?"

Uma ulikuwa umemganda mkononi na uso umempauka.

"Nakuuliza, ni nani?"

"Mke wangu."

Jamani... nilicheka! Naapa nilicheka, maana huyu mtu aliniambia tangu mwanzo kwamba aliachana na mkewe na anaishi peke yake.

Ngojeni nirudi nyuma kidogo, msije mkanihukumu kabla hamjajua ilikuwaje.

Naitwa Perrine, nimezaliwa na kukulia hapahapa Lyon. Wale wa siku nyingi mnanijua kwa ukurasa wangu wa migahawa. Nakula, napiga picha sahani, kisha nawaambia ukweli: hapa nendeni, pale mtapoteza nauli. Mpishi akizidisha chumvi namsema. Wapo walioninunia kwa hilo, lakini tumbo ni langu.

Kwa Mama Fanchon ndiko nyumbani kwangu hasa. Mgahawa mdogo, meza zimebanana. Ukija peke yako unakalishwa kiwiko kwa kiwiko na mtu usiyemjua, na kabla chakula cha pili hakijafika mnaonjeshana.

Ndivyo nilivyokutana na Aurélien.

Siku hiyo nilikuwa nakula quenelle, lile donge laini la samaki wa mtoni linalookwa ndani ya rojo la kamba. Nikawa naguna mwenyewe kwa utamu. Jirani yangu akaniuliza ninahisi nini.

Nikamwambia. Akaweka uma chini, akanisikiliza mpaka mwisho.

Wanawake wenzangu, mnajua ilivyo adimu mwanamume kukusikiliza mpaka mwisho? Mume wangu wa zamani alikuwa akiniambia, "Perrine, ni chakula tu, kula tukalale."

Huyu alitaka kila kitu. Kinaanzaje mdomoni, kinabadilikaje, kinaacha nini kooni. Nikiruka kitu ananirudisha: "Na ukoko wa juu je?"

Nilijiona malkia.

Tukawa tunakula kila Jumamosi mchana. Akanishika mkono, akanibusu, akaanza kuja kwangu. Hakuwahi kulala. Tena kila tukimaliza kula alikuwa na haraka, kama mtu aliyeacha kitu jikoni. Nilijiambia ni kazi zake. Mtu ukishapenda unajitungia majibu mwenyewe.

Jumamosi ile nilikuwa nimepanga kumwomba ahamie kwangu. Nilishamwachia nusu ya kabati. Umri wangu si wa kuchezeana tena, nilikuwa natafuta mtu wa kula naye mpaka uzee.

Haya, sasa turudi mlangoni...

Yule mwanamke alikuja polepole, akijishikiza kwenye migongo ya viti. Mwembamba sana, skafu shingoni. Nikasogeza glasi za divai mbali, nisije nikamwagiwa usoni mbele ya watu.

Akamsalimia Mama Fanchon kwa heshima. Akavuta kiti. Akaketi kando yangu, kiwiko kwa kiwiko.

"Wewe ndiye Perrine," alisema. Sauti yake ilikwaruza. "Mimi naitwa Odile."

Aurélien akaanza kubabaika: Odile, tafadhali, twende nyumbani nitakueleza. Mkewe hakumtazama. Akamwambia amalize chakula chake kabla hakijapoa, yao watayamaliza nyumbani, na kwamba uchafu alioufanya hautoki kwa msamaha wa siku moja.

Mimi nikamwambia dada, naapa sikujua, aliniambia mmeachana.

"Najua hukujua, mdogo wangu. Mtu anayejua hawezi kuandika kwa raha vile."

Akalegeza skafu. Chini yake palikuwa na kovu refu.

Akanieleza bila kujihurumia. Aliugua saratani ya koo, madaktari wakampasua, na tangu hapo hajameza hata tonge moja. Analishwa kwa mpira unaoingia tumboni. Maji mazito ya hospitali, hayapiti hata mdomoni.

"Nilikuwa napenda kula kuliko wewe," alisema. "Ndipo nikamtuma huyu. Nikamwambia, nenda ukale kwa niaba yangu, urudi unisimulie."

Lakini Aurélien, ndugu zangu, hajui kusimulia chakula. Kwake kila kitu ni kizuri au si kibaya. Siku za mwanzo alirudi na maneno mawili matatu, mkewe akageukia ukutani akalia.

Kisha Jumamosi moja akarudi na habari nzima ya quenelle, ukoko wake, rojo lake, kila kitu. Odile akacheka kwa mara ya kwanza tangu upasuaji.

Ndiyo Jumamosi aliyokaa kando yangu...

Maswali yote yale, ukoko je, kooni je, hayakuwa kwa ajili yangu. Alikuwa anafungasha chakula cha kumpelekea mkewe.

Odile alikuja kujua alipotafuta mtandaoni picha ya chakula kimoja alichosimuliwa. Akakuta maneno ya mumewe kwenye ukurasa wangu, neno kwa neno. Akazidi kurudi nyuma hadi picha za zamani, na pembeni mwa sahani akaona mkono anaoujua. Kwenye picha moja mkono huo ulikuwa umeshika wangu.

"Kwa hiyo umekuja kumchukua," nilisema.

"Nimekuja kula."

Akaagiza quenelle. Ilipofika ikitoa moshi aliinama, akavuta harufu yake amefumba macho. Kisha akaisogeza mbele yangu na kunipa kijiko.

"Nisimulie wewe mwenyewe. Nimechoka kupitia kwa mtu."

Najua wengi wenu mngenyanyuka mkaondoka. Mimi nilichukua kijiko.

Nilikula huku nalia. Nikamsimulia ukoko unavyovunjika, donge linavyoyeyuka kabla hujalitafuna, utamu wa kamba unavyokuja nyuma polepole na kubaki. Sijawahi kusimulia chakula hivyo maishani mwangu. Na sitawaficha, nilitaka Aurélien aone anachokipoteza.

Nilipomaliza, Odile alifuta machozi, akanishika mkono.

"Asante. Unajua kweli. Ila Aurélien hunisimulia vizuri zaidi."

Nikaduwaa. "Si maneno yangu hayohayo?"

"Ni yako. Lakini wewe umenisimulia ukila wewe. Yeye hunisimulia nikila mimi. Huniambia, hapa ungefumba macho. Hapa ungeniibia kijiko. Hapa ungemwita mpishi umgombeze."

Nikamgeukia Aurélien. Nilikuwa na swali moja tu lililobaki.

"Uliwahi kunipenda?"

Kabla ya kunijibu alimtazama kwanza mkewe. Wala haikuwa hofu. Alikuwa anaangalia kama Odile amechoka kukaa kwenye kile kiti kigumu.

Sikungoja jibu. Nikachukua koti langu, nikatoka. Nililia njia nzima mpaka kwangu, mchana kweupe, watu wananipisha.

Wapendwa wangu, mtu akikusikiliza sana, usikimbilie kuita hayo mapenzi. Muulize hayo unayompa anampelekea nani. Mimi sikuuliza, kwa sababu kusikilizwa kulikuwa kutamu mno, na niliogopa kuusikia ukweli ukanikatia utamu.

Sina chuki na Odile. Hata huyo Aurélien, siku nyingine namtukana, siku nyingine namwelewa, halafu namtukana tena.

Kinachoniuma ni kimoja tu. Miezi yote ile alikaa mbele yangu akinitazama nikila, na mpaka leo hajui mimi huwa nafumba macho wapi.